Ndiyo Yetu Ilifika Kabla ya Swali

Vijana wenzetu wa Nakivale, Kyangwali, Kakuma, Nyarugusu na Dzaleka, na ninyi wafanyakazi wa mashirika mnaotusoma kimyakimya bila kuandika hata neno: leo tunaandika kuhusu foleni. Hapana, sio ile ya mgao. Sio ile ya uhakiki, wala ile ya bombani. Ni foleni mpya ambayo tumejitengenezea wenyewe, kwa vidole vyetu wenyewe, ndani ya laptopu.

Wengi mnaijua. Siku hizi kuna wasaidizi wa akili bandia wa kuandika programu, kama Claude Code, Cursor na Codex. Unamwambia msaidizi kwa maneno ya kawaida unachotaka, naye anafungua mafaili, anasoma, anaandika msimbo, anaujaribu, anaona kosa, anarekebisha, anaendelea. Kazi moja inaweza kuchukua dakika mbili au ishirini. Wakati huo wote kisanduku cha kuandikia kiko wazi. Unaweza kuandika meseji nyingine, ukabonyeza enta, ikakaa kwenye foleni ikingoja zamu yake. Halafu nyingine. Halafu nyingine tena. Ukishazoea, unapanga meseji kumi unaondoka zako.

Msimamo wetu tunausema mapema ili msije mkasoma mpaka mwisho mkitafuta tunachotaka: kumpangia msaidizi ruhusa kwenye foleni, yaani kumwandikia "ndiyo" na "endelea" na "futa" kabla hujaona alichofanya, ni tabia mbaya. Sisi tuliifanya. Iliumiza watu. Tunataka iishe katika vikundi vyetu vyote.

Tuanze na yaliyotupata.

Kikundi chetu hapa Nakivale kina laptopu mbili. Moja betri yake imekufa, inaishi kwa waya tu. Kituo tunachotumia kinapata umeme wa sola: jua likiwa zuri tunafanya kazi hadi saa kumi na moja jioni, mawingu yakija tunafunga saa tisa. Bando tunachangiana. Akaunti ya msaidizi ni moja, na ina kikomo cha matumizi. Ukikifikia, unakaa masaa ukingoja ifunguke tena. Tunayataja haya mapema kwa sababu ndiyo yaliyotufundisha haraka.

Tulikuwa tumetengeneza ukurasa mdogo wa kuandikisha vijana waliotaka kufanya mtihani wa kuingia kozi ya kompyuta. Shirika moja lilikuwa linatoa nafasi, sisi tukaombwa kukusanya majina na namba za simu, kisha kuwatumia watu meseji ya siku na mahali. Majina yalifika 214. Lakini mnajua mtandao wetu: ukikwama, mtu anabonyeza mara mbili, mara tatu, kwa hiyo wengine walijiandikisha zaidi ya mara moja. Tukamwambia msaidizi: tafuta majina yanayojirudia, uyaunganishe.

Akaanza. Ilikuwa saa nane na nusu, wingu limeshatanda. Mwenzetu aliyekuwa kwenye kibodi (hatumtaji, maana mikono ilikuwa yake lakini tabia ilikuwa yetu sote) akaona asipoteze muda. Akapanga meseji ya pili: "Ndiyo, sawa, endelea." Kwa nini ndiyo? Kwa sababu siku hiyo msaidizi alikuwa ameshaomba ruhusa mara nne, na mara zote nne jibu lilikuwa ndiyo. Akapanga ya tatu: "Panga majina kwa herufi." Ya nne: "Weka +256 mbele ya kila namba." Ya tano: "Ukimaliza, futa jedwali la zamani, tubaki na jipya." Akatoka nje kununua chapati.

Huku ndani, msaidizi alifanya jambo ambalo tunalililia kila siku kwa maafisa: alisimama akauliza. Aliandika, kwa ufupi, kwamba amepata jozi 19 zenye jina moja na tarehe moja ya kuzaliwa, lakini namba za simu ni tofauti. Inaweza kuwa ni mtu mmoja mwenye simu mbili, au ni watu wawili. Akiziunganisha, namba moja katika kila jozi itapotea. Je, aunganishe?

Swali zuri kabisa! Swali ambalo mkimbizi yeyote angelijibu kwa sekunde tatu: hapana, ngoja kwanza. Sisi tunajua kwamba Amani na Furaha na Neema na Mohamed wako wengi kambini. Tunajua pia kwamba wengi wetu tumeandikwa kuwa tulizaliwa tarehe 1 Januari, kwa sababu siku ya kuandikishwa hatukuwa na cheti, na mama alipoulizwa mtoto alizaliwa lini, alijibu "ule mwaka tuliokimbia". Afisa naye akaandika mwaka, siku akaiweka 01/01. Watu wawili wenye jina moja na 01/01 moja wanaweza kuwa hawajawahi kuonana maishani.

Lakini lile swali halikutukuta sisi. Liliikuta foleni. Na mbele ya foleni ilikuwa imesimama meseji gani? "Ndiyo, sawa, endelea."

Msaidizi akaunganisha. Akapanga kwa herufi. Akaweka +256. Akafuta jedwali la zamani. Mwenzetu aliporudi na chapati alikuta kazi imekwisha, safi, inapendeza macho. Tukafurahi. Tukatuma meseji za mtihani kabla umeme haujakatika.

Mtihani ulifanyika Jumamosi. Jumatatu asubuhi dada mmoja akaja kituoni, akauliza kwa adabu: "Kaka, ule mtihani ni lini? Mbona bado sijaona meseji?"

Tulikaa siku mbili tukilinganisha orodha na daftari la karatasi ambalo, kwa bahati, tulikuwa tumeandikia watu wasio na simu nzuri na wengine waliopita kituoni wenyewe. Katika zile jozi 19, saba kweli zilikuwa ni mtu mmoja mmoja aliyebonyeza mara mbili akabadilisha namba. Kumi na mbili zilikuwa ni watu wawili wawili. Maana yake watu 12 walifutiwa namba. Wanane walifika mtihanini kwa sababu waliambiwa na marafiki. Wanne hawakufika. Shirika lilituambia nafasi nyingine ni mwaka ujao.

Tulimwomba yule dada msamaha. Akasema, "Haina shida." Tunaijua hiyo "haina shida". Ndiyo ile tunayoisema sisi wote dirishani tukiambiwa jina lako halipo kwenye orodha, rudi wiki ijayo.

Sasa, tulipoeleza habari hii kwenye kikao, kuna waliosema: mashine hizi ni za kijinga, tuziache. Tunakataa. Mashine iliuliza. Ni sisi tuliojibu bila kusikiliza. Ukiwa na mjumbe anayekuuliza kabla ya kukata mti, nawe umemwachia karatasi iliyoandikwa "kata", halafu unamlaumu mjumbe, tatizo liko kwako.

Hebu tueleweshane hiyo foleni inafanyaje kazi, kwa sababu wengi tunaitumia bila kuijua. Msaidizi hakuoni ukiandika. Anafanya kazi hatua kwa hatua: anasoma faili, anaendesha amri, anapata matokeo, anaamua hatua inayofuata. Meseji yako haimgusi akiwa katikati ya hatua. Zana nyingine humpa meseji ya foleni kati ya hatua moja na nyingine. Nyingine hungoja mpaka amalize zamu yake yote na kukujibu. Zamu inaweza kumalizika kwa njia mbili: kazi imekwisha, au ana swali. Ile iliyo mbele kwenye foleni haijui tofauti. Inaingia tu. Na katika mazungumzo anayoyaona yeye, swali liko juu, na "ndiyo" yako iko chini yake. Atajuaje kwamba uliiandika dakika sita kabla, ukiwa unawaza chapati?

Sisi watu wa kambi tunapaswa kuwa wa kwanza kulielewa hili, kwa sababu tuna mfano wake bombani kila asubuhi. Huwezi kusimama bombani tangu saa kumi na moja alfajiri, una kazi nyingine. Unafanya nini? Unaacha dumu lako la njano kwenye mstari. Dumu linakushikia nafasi. Kila mtu analiheshimu. Lakini siku bomba linapoanza kutoa maji machafu, na mwenye zamu anauliza, "Jamani, tuendelee kujaza au tungoje yasafike?", dumu halijibu. Litajazwa hayo hayo machafu, nawe ukirudi utalibeba mpaka nyumbani ukidhani umepata maji.

Meseji kwenye foleni ni dumu. Inashika nafasi, haina masikio. Kwa hiyo usiipe kazi ya mtu.

Tunajua hoja za wanaotupinga, maana wengine ni sisi wenyewe wa mwezi uliopita.

Hoja ya kwanza ni ya umeme. Wanasema: ninyi mnaongea kama watu wa mjini wenye umeme wa saa ishirini na nne. Hapa ngojangoja huumiza matumbo. Nikipata saa moja ya laptopu, nikakaa nikiangalia mashine ikifikiri, nimepoteza saa yangu.

Wandugu, tunaielewa hoja hii tumboni kabisa. Lakini angalieni hesabu yake. Foleni haimfanyi msaidizi awe na kasi zaidi. Mwaka 1909 mwanahisabati wa Denmark, A. K. Erlang, aliyekuwa akifanya kazi katika kampuni ya simu ya Copenhagen, alichapisha andiko lake kuhusu simu zinazoingia kituoni, na kutoka hapo ikakua elimu nzima ya hesabu za foleni. Elimu hiyo ni kubwa, ila kipande chake kimoja hata bibi yetu bombani anacho: kuongeza madumu kwenye mstari hakuongezi maji yanayotoka. Unachookoa kwa kupanga meseji ni zile sekunde za kati, za kurudi kwenye kiti na kubonyeza enta. Ndizo hizo tulizookoa siku ile. Kisha tukalipa siku mbili za daftari, na wanne wakalipa mwaka.

Na tusisahau kikomo cha akaunti. Katika kila hatua, msaidizi hupitishiwa tena mazungumzo yaliyotangulia ili ajue yuko wapi. Mazungumzo yakirefuka kwa kufanya, kufuta na kufanya upya, matumizi yanapanda. Tena maandishi ya Kiswahili kwa kawaida hukatwa vipande vingi kuliko ya Kiingereza yenye maana ileile, na vipande ndivyo vinavyohesabiwa. Kwa hiyo kosa letu linatugharimu kuliko kosa la kijana wa London. Maskini hana uwezo wa kununua haraka ya kubahatisha.

Hoja ya pili inatoka kwa wakufunzi. Alikuja mmoja hapa, mafunzo ya siku 2, mtu mzuri, tulimpenda. Akatuambia: watu wa kasi duniani hawangoji, wanapanga amri, wanaenda kulala, wakiamka programu iko tayari. Tulipiga makofi. Leo tungemuuliza: hao watu wa kasi, programu yao ikiharibika, nani anaumia? Ukitengeneza mchezo wa kuruka vyura, ukaamka umepata mchezo wa kuruka mbuzi, utacheka. Sisi vitu tunavyotengeneza ni orodha. Orodha za wanafunzi, za mama wajawazito, za waliopata ushauri, za watoto waliotenganishwa na wazazi. Mtu anayetokea kambini anajua orodha ni kitu gani. Kuwa kwenye orodha ni kula. Kutokuwepo ni kurudi wiki ijayo.

Hoja ya tatu ni ya wapole: basi tuache foleni kabisa, tusiandike chochote mpaka amalize. Hapana, hatusemi hivyo pia. Foleni ina kazi yake. Umemwagiza atengeneze fomu, kisha ukakumbuka kwamba vitufe viwe kwa Kiswahili: iandike, ipange, ni sawa. Umesahau kumwambia kwamba kuna watu wenye simu ndogo, ukurasa usiwe na picha nzito: ipange. Hizo ni nyongeza. Zinasimama zenyewe, hazitegemei amepata nini. Zikifika mapema au zikichelewa, hakuna anayefutwa.

Shida ni ruhusa. Ruhusa ni jibu, na jibu bila swali ni kitu gani? Ni kidole gumba kwenye karatasi ambayo hujasomewa.

Na hapo ndipo tunapotaka mkae nasi kidogo, hasa ninyi wa mashirika. Sisi tumekulia katika "ndiyo" za namna hiyo. Unafika mpakani umechoka, mtoto analia, mtu anakuletea fomu: weka kidole hapa, na hapa, na hapa. Moja ya hizo "hapa" inasema unakubali taarifa zako zipelekwe mahali fulani. Nani aliuliza ni wapi? Wewe ulikuwa unawaza pa kulala. Mwaka 2021 shirika la Human Rights Watch lilitoa ripoti kuhusu Warohingya walioko Bangladesh, likisema taarifa zao zilizokusanywa na UNHCR pamoja na serikali ya Bangladesh zilifikishwa kwa Myanmar, nchi ileile waliyoikimbia, na kwamba wengi wa watu waliohojiwa hawakuelewa kuwa wanakubali jambo hilo. UNHCR ilijibu kwamba familia ziliulizwa na kuelezwa. Hatuko hapa kuamua kesi hiyo. Tunachosema ni kwamba ugomvi wote ulikuwa juu ya kitu kimoja: ile "ndiyo" ilitolewa kwa swali gani?

Sasa sisi, watoto wa "ndiyo" hizo, tumepata chombo mkononi, tumepata orodha ya watu wetu wenyewe, na siku ya kwanza tu tumefanya nini? Tumeweka "ndiyo" kwa niaba ya wenye majina yale 214, bila kusoma swali. Kumbe tulikuwa tunamchukia afisa kwa sababu yuko upande ule wa dirisha, sio kwa sababu ya anachofanya! Hilo ndilo lililotuuma kuliko mtihani wenyewe.

Kwa hiyo tumekubaliana mambo, na tunayaweka hapa ili mtushike nayo siku tukiyavunja.

Kwanza, kazi nzima inaandikwa kwenye daftari kabla ya kuwasha laptopu. Kalamu haili umeme wala bando. Yale yote mwenzetu aliyoyapanga kwenye foleni, kupanga kwa herufi, +256, yangeweza kuingia kwenye meseji moja ya mwanzo. Msaidizi angeyaona yote pamoja na kuyapangilia. Mara nyingi foleni ndefu ni dalili kwamba ulianza kuongea kabla ya kufikiri.

Pili, maneno manne hayaingii foleni: ndiyo, futa, tuma, chapisha. Hayo yanaandikwa na mtu aliyekaa kitini, baada ya kusoma kilichoandikwa kwenye skrini mpaka mstari wa mwisho. Kama umetoka nje, kazi isimame ikungoje. Isimame tu. Bora ukute swali linakungoja kuliko ukute limeshajibiwa.

Tatu, ukiona anakosea, usipange meseji ya "acha". Msimamishe. Zana hizi zina njia ya kumkatiza msaidizi papo hapo, kwa kawaida kitufe cha Esc au alama ya kusimamisha. "Acha" iliyoko kwenye foleni itafika kwa adabu kabisa wakati nyumba imeshaungua. Wengi wetu hatukujua tofauti hii. Tulidhani kuandika ni kusimamisha.

Nne, kabla hajagusa chochote, nakala inahifadhiwa. Msimbo tunauweka kwenye Git, ambayo ni ya bure na inafanya kazi hata bila intaneti. Orodha inanakiliwa mahali ambapo msaidizi hafiki. Siku ile hatukuwa na nakala. Tuliokolewa na daftari la shule lenye jalada la kupasuka.

Tano, na hili tunalisema tukiinamisha vichwa: majina halisi na namba halisi za watu hazikutakiwa kuwa mbele ya msaidizi hata kidogo. Tungempa orodha ya majina ya kubuni, akatengeneza programu ya kuunganisha, kisha programu hiyo tukaiendesha sisi wenyewe kwenye orodha ya kweli. Kosa hili ni kubwa kuliko la foleni. Ila ni foleni iliyotufunua.

Ninyi wa mashirika, tuna mawili kwenu.

La kwanza: acheni kutupima kwa idadi. Mkija mnauliza, mmetengeneza programu ngapi robo hii? Hamjawahi kutuuliza, mmesimamisha kazi mara ngapi mkasoma? Mtu anayepimwa kwa idadi atapanga foleni, hata mumwimbie nyimbo za usalama wa taarifa. Mkitaka tusome kabla ya kukubali, basi lipieni muda wa kusoma: betri moja nzuri, saa mbili za ziada za umeme. Sio kitu kikubwa. Betri ya ile laptopu yetu ni rahisi kuliko bango la mafunzo yenu ya siku 2.

La pili: mnapotuomba tuwakusanyie orodha, tuambieni orodha inakwenda wapi, na nani ana haki ya kufuta jina. Mtupe na muda wa kuwauliza wenye majina. Ninyi pia mnatupangia foleni. Mradi wa kwanza haujaisha, barua ya wa pili imeshafika, na fomu ya tathmini ya wa tatu iko nyuma yake, yote yameandikwa kabla hamjasikia wa kwanza ulituletea nini. Sisi tukijibu "ndiyo, sawa, endelea", msifikiri tumekubali. Huenda mmekutana na dumu tu, mwenyewe yuko mbali.

Na ninyi vijana wenzetu, msitusome mkasema hawa wa Nakivale wamekuwa wazee, wanaogopa mashine. Hatuogopi. Mashine hii imetupa kitu ambacho hatukuwahi kupewa: mtu wa kututengenezea tunachotaka, kwa lugha yetu, bila kutuuliza karatasi ya familia. Kijana asiye na shahada leo anaweza kutengeneza kitu kinachofanya kazi. Tunaipenda. Ndiyo maana tunataka tuitumie kama wenye nyumba, tukiwa tumekaa kitini, sio kama watu waliotupa dumu kwenye mstari wakakimbia.

Yule dada tumemwandika wa kwanza kwenye orodha ya mwaka ujao. Aliandika jina lake mwenyewe, kwa mkono wake, kwenye daftari. Kisha akatuuliza swali: "Nikibadilisha namba ya simu nitawaambiaje?"

Hatukuwa na jibu tayari. Tulikaa naye chini, tukafikiri, ndipo tukamjibu.